Simu Hainijui

Mkasi Hamad kaiweka simu juu ya meza yangu, hapa Wete,
polepole, kama arudishaye sahani ya jirani ikiwa na ufa.
"Imekufa, Raya," kasema. "Hainijui."

Nikaigeuza. Kioo kizima. Betri haijavimba.
Tundu la chaji limejaa vumbi la karafuu;
nikalichokonoa kwa sindano, duka likanukia shamba.
Nimezoea simu za wakulima wa mwani,
chumvi imeota kijani kwenye shaba.
Hii haina ugonjwa.

"Weka kidole."
Akaweka gumba. Simu ikatetemeka: siye.
Akalipangusa kwa kanga, akaweka tena. Siye.
Mara ya tano ikamwambia asubiri nusu dakika,
naye akasubiri kweli, mikono magotini,
kama yuko mbele ya karani.

Nikauvuta mkono wake chini ya lenzi
ninayotazamia nyaya nyembamba kuliko unywele.
Nilitafuta mistari. Palikuwa na utomvu, weusi,
na ngozi laini kama mgongo wa kijiko.
Wiki ya tano ya msimu: mchana yumo mitini,
usiku anachambua, karafuu huku, makonyo kule,
pishi baada ya pishi, na gumba ndilo linalovunja.

"Simu nzima," nikamwambia. "Aliyefutika ni wewe."
Akacheka. Mimi neno lile lilinikaa vibaya mdomoni.

Kwenye droo nina vioo vya asili na vya kopi
(vya kopi vina ubuluu kidogo; mteja haoni, mimi humwambia),
nina kamera, spika, betri za kutoka Darajani
zilizovuka usiku ndani ya mfuko wa mikate.
Gumba sina.

"Nywila?"
"Aliiweka Shaame, mtoto wa dada. Yuko Maskati, hapatikani."

Hapo nikanyamaza. Maana juzi alikuja bwana
na simu yenye gamba la waridi. "Ya mke wangu, kasahau namba."
Akaweka elfu hamsini mezani kabla sijauliza.
Nikasema haifunguki.
Uongo. Ningemaliza kabla ya adhana ya alasiri.
Nilipaswa kusema sitaki, nikajificha nyuma ya mashine,
na tangu juzi najiuliza kaipeleka duka gani.
Sasa Mkasi, niliyekaa naye jamvi moja chuoni,
ananiomba lile lile kwa sauti nzuri zaidi.
Kumjua mtu si nywila.

"Shaame alisajili kidole kimoja tu?"
"Alinibonyeza vitano, kama siku ya kuandikisha kura. Sikumbuki vipi."

Tukaanza upya, kimoja kimoja, tukingoja kila ikituadhibu.
Shahada, siye. Cha kati, siye. Kushoto, siye, siye.
Kikabaki kile kidogo cha mwisho
kinachokaa pembeni wenzake wakivunja makonyo.
Akakiweka.
Ikafunguka.

Ndani, ujumbe wa sauti wa Shaame, wa miezi miwili, haujasikilizwa.
Nikatoka barazani nisisikie,
lakini Shaame ana sauti ya mnadani:
namba zote sita zikanifuata nje.

Nikarudi. "Ibadilishe sasa hivi, na mimi nisione."
Nikageukia ukuta, nikasoma kalenda ya mwaka jana.
Aligusa kwa ukucha, mara sita, taratibu.
Kisha sita tena, kuhakikisha.

Akauliza deni. Nikasema sikubadilisha kitu.
Akafungua pindo la kanga, akamimina ngumi ya karafuu
juu ya betri zangu, akaenda zake.

Mguso wa tatu na wa nne ulifuatana upesi,
kama kidole hakikuhama.
Hilo nalo najitahidi kulisahau.